Alinishikia kreti nione bendi, nami nikamkana

Kwako mshauri Roselida,

Nakusalimu kwa heshima nikiomba unisaidie, kwa sababu nina asante ambayo nimeshindwa kuitoa. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha pili katika shule ya bweni, na nyumbani kwetu ni Malaba. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita, na miaka miwili iliyopita baba alimwoa Zilpa, ambaye kwao ni Funyula na huuza omena, wale dagaa wakavu, hapa sokoni. Hajawahi kunitendea baya, lakini tangu aje sijamwita kwa jina lolote, nikimhitaji hutembea mpaka aliposimama ndipo niseme, ili nisilazimike kumwita, maana nikisema mama naona nitakuwa nimemnyang'anya aliyenizaa jina lake.

Jumamosi moja mwezi huu wa Agosti kulikuwa na tamasha la bendi kutwa nzima uwanjani Amagoro, na Zilpa hakwenda sokoni, alikuja nilipokuwa nikisoma akasema, "Hivyo vitabu havitakimbia, vaa viatu twende." Sikuwa nimewahi kuona bendi kwa macho, nilizijua za redioni tu, na tulipofika nikaona migongo ya watu, kwa kuwa mimi ni mfupi na naona haya kusukumana. Zilpa akaazima kreti tupu kwa muuza soda, akanisimamisha juu yake, akaishika kwa mikono miwili isiyumbe, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuona kitu. Akasema, "Mimi niambie tu wanafanya nini." Basi nikawa namwambia, huyu wa gitaa la solo amefumba macho, wale wa Tororo wamevaa mashati ya kufanana, mpiga ngoma ameangusha kijiti na anaendelea kwa kiganja, naye akacheka akasema, "Na wa besi je? Huyo hakuna anayemtazama, lakini akinyamaza wote wataacha kucheza." Mshauri, siku ile niliongea naye kuliko miaka miwili yote, na nilifurahi mpaka miguu ikawa inacheza yenyewe.

Bendi zilipokuwa zinabadilishana aliniomba kalamu, akaandika kikaratasi akakipeleka jukwaani, na katikati ya wimbo uliofuata mwimbaji akataja, "Vivianne wa Malaba, mama yako Zilpa anakusalimu, anasema usome sana." Beryl, tunayesoma naye, alikuwa karibu akaniuliza, "Wee Vivi, kumbe huyo ndiye mamako?" Nikaona watu wamegeuka kunitazama, nikajibu, "Hapana, ni mke wa baba tu." Zilpa alikuwa amerudi pale chini yangu. Hakuinua kichwa wala hakuiachilia kreti, aliishika mpaka wimbo ukaisha, na mwingine baada ya huo.

Njiani alizungumza habari za muziki kana kwamba hakusikia, na mpaka leo chakula changu hukifunika vizuri kama zamani. Nimeandika barua tatu za kumshukuru, zote ziko ndani ya atlasi. Sasa nataka kutuma kadi ya salamu redioni ili nchi nzima isikie. Baada ya wiki mbili narudi bwenini na sitaki kumwacha na neno lile. Je, niitume? Na nimwite nani?

Vivianne, Malaba

JIBU

Vivianne binti yangu, weka kalamu chini kwanza. Umeniandikia mimi nisiyekujua kurasa nne, na mwenye haki nazo yuko jikoni hapo kwenu.

Ulikosea. Kweli yeye ni mke wa baba yako, hukusema uongo. Lakini lile neno "tu" ulilisema juu ya kichwa cha mtu aliyeacha kutazama ili wewe utazame. Haya uliyoona mbele ya Beryl naielewa, hata mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Haikupi ruhusa ya kukaa kimya mpaka leo.

Kadi ya redio achana nayo. Itasomwa wewe ukiwa umeshafunga sanduku la shule, pengine yeye akiwa sokoni, apewe habari na wateja. Ulimuumiza akiwa karibu yako, mshukuru akiwa karibu yako.

Kuhusu jina, aliyekuzaa hapungukiwi na kitu. Ila usimwite Zilpa mama kama malipo ya siku ya muziki, atajua. Mwambie wazi kwamba neno hilo bado ni gumu kwako, umuulize yeye angependa umwite nani. Huenda jibu lake likawa rahisi kuliko unavyofikiri.

Kesho asubuhi akitoka, shika upande mmoja wa gunia la omena. Mtu mwenye haya huongea vizuri akiwa anatembea, macho yakiwa njiani. Sema hivi: "Siku ile ya bendi nilikosea. Sijawahi kufurahi namna ile. Asante." Usiongeze maneno ya zile barua za kwenye atlasi. Akinyamaza usiogope, endelea kubeba mpaka sokoni, na kesho kutwa ukabebe tena.