Nafasi ku banc

Manika, siku ya dimanche, mangaribi

Mama Mbuyu,

Salamu kwenu na kwa bote ya Kasaji. Mi na batoto tuko muzuri. Muhogo yenye mulituma na treni ilifika.

Leo nilivaa kikwembe yenye mulinipa siku ya kutosha matanga ya Stany, kilio ilipoisha. Muliomba photo, muone kama muke ya mutoto wenu anaanza kucheka tena. Basi nilienda ku bustani ya pembeni ya ziwa, kwenye mi na Stany tulikuwa tunaenda kisha misa, tunakaa bote mbili ku banc ya mbao. Maji ilikuwa kimya. Bibi-arusi moja alikuwa anainua nguo yake, isiguse matope. Kunapendeza kule, mama. Lakini nilichoka, hata kazi sikufanya.

Mupiga-photo wa pale, Kabasele, anatujua. Akauliza:

«Tata Stany iko wapi?»

Nikajibu: «Iko ku kazi.»

Sijue kwa nini. Mwaka muzima umepita tangu udongo ilimufunika mu shimo ya madini kule Musonoi, na nguo nyeusi nilitosha mbele ya familia yote.

Akasema: «Basi kaa katikati ya banc, mama. Photo itakuwa muzuri.»

Nikasema ndiyo.

Photo natuma. Mutaona kikwembe inanifaa. Mutaona tena nimekaa ku pembeni kabisa, banc inabakia wazi. Kabasele hakukosea, mama. Alingojea sana nisogee.

Mubakie na amani,

Mushiya, muke ya Stany