Mende wa Naliaka

Kakamega mjini, 7 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Natumai goti limepoa na mahindi yanaendelea vizuri. Mimi mzima, hali yangu unaijua.

Makopo saba anayokuletea Kipkemboi wa boda usiyatupe. Ndani kuna mende. Usicheke! Ni mende wakubwa wa Madagaska, hawaruki wala hawaumi, na ndio utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Mwenye nyumba amewaona akapiga nduru, kanipa siku moja niwaondoe. Madume wako kwenye makopo sita, jike yuko peke yake kwenye la saba. Kila jioni mguse kila dume mgongoni, uandike amelia “ssss” mara ngapi. Ni kama gurudumu la baiskeli likitoa upepo. Nataka kujua kama watakuzoea wanyamaze. Ni wiki nane tu, Baba. Hesabu zikiharibika, narudia mwaka.

Meseji huzioni vizuri, na simu nasikia imekufa. Basi tuandikiane.

Bintiyo,
Naliaka

Shianda, 15 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti bado lipo, linanikumbusha umri. Hiyo hali yako naona ni mitihani, kula vizuri.

Wageni wamefika. Shangazi yako Zilpah alifungua kopo moja akakimbia hadi kwenye miwa. Alivyorudi akauliza, “Mtu amesoma mpaka yunivasiti anafuganga mende?” Nikamwambia ni sayansi. Lakini mimi, mama, hawa wadudu wamenivuta. Jana nimewatazama hadi chai ikapoa. Mbona dume ana vipembe na jike hana? Niliwapa obusuma, ugali wangu wa jioni, hawakuugusa. Ndizi mbivu wanaimaliza.

Hesabu zako ni hizi: kopo la kwanza mara tatu, la pili tatu, na mengine yote tatu. Kila siku hivyo.

Baba yako

Kakamega, 24 Julai

Baba mpendwa,

Hujambo? Asante kwa ndizi unazowapa, natamani ningekuwa mende.

Kipkemboi ameniambia kitu. Anasema alipokuwa kwako alimgusa dume mmoja, akalia hadi yeye mwenyewe akaruka. Wewe ulikuwa umempa mgongo, ukaendelea kumimina chai tu. Na daftari lako ni tatu tupu siku zote. Kiumbe hai haendi hivyo. Baba, unasikia kweli? Niambie, sitakasirika.

Bintiyo

Kakamega, 7 Agosti

Baba,

Wiki mbili hujajibu. Mwalimu wangu, Daktari Mukhwana, anauliza hesabu. Mimi nauliza uko vipi.

Naliaka

Shianda, 14 Agosti

Mwanangu Naliaka,

Salamu, na unisamehe. Sisikii. Mashine za kiwandani zilikula sikio moja zamani, unajua; hili la pili limefunga tangu Pasaka. Ulipokuwa ukipiga simu nilijibu tu, “Sawa mama, Mungu ni mwema,” hadi Juni nikaona aibu nikaizima. Niliogopa utaacha masomo uje kunitunza, kama ulivyotaka kufanya mama yako alipougua. Zile tatu niliziota. Zichome.

Lakini sikuweza kuwaacha hivyo hawa wadudu. Nikajiuliza, sauti si ni hewa? Nikalowesha mdomo, nikamsogeza dume karibu, nikamgusa. Kijipumzi baridi! Na hakitoki kinywani, kinatoka ubavuni. Unalijua hilo? Nimeanza upya tangu tarehe 25 Julai, daftari hilo hapo. Dume wa pili alianza na tano, sasa moja. Wa nne amenyamaza kabisa, ila Zilpah akimgusa ni sita. Wananijua, mama!

Na jike amezaa. Nilidhani mende hutaga, kumbe alibeba mimba muda wote nami nimekaa hapo hapo sijui. Watoto ishirini na wanane, weupe, wamejibana chini ya tumbo lake.

Baba yako

Kakamega, 18 Agosti

Baba,

Pole sana, na asante. Mwalimu amezikubali hesabu zako za pumzi. Tutaongeza wiki mbili mwishoni, sitarudia mwaka.

Lakini barua yako imenikalisha chini. Mwezi wa Mei nilikupigia simu. Nilikuambia nina mimba ya Eugene, tunayesoma naye, na kwamba sitaacha masomo. Ukajibu, “Sawa mama, Mungu ni mwema.” Nililia kwa furaha. Nikamwambia hata Shangazi, nikidhani mmeshaongea. Kumbe hukusikia lolote. Basi nakuambia upya kwa wino: mtoto anakuja Desemba. Nijibu, Baba. Nataka jibu lako mwenyewe.

Naliaka

Shianda, 23 Agosti

Mwanangu,

Salamu kwako. Nimekaa na barua yako siku nne. Mbili za kwanza nilikasirika, nisikudanganye tena. Nilimkasirikia Eugene, kisha Zilpah aliyejua akakaa kimya, kisha haya masikio. Siku ya tatu nikajiuliza, je, ningesikia ile Mei ningesema nini? Naliaka, ningekufokea, nawe usingenipigia tena. Nimeona aibu hata kuandika hilo.

Njoo Jumamosi ijayo. Nimemwambia Zilpah achinje kuku. Huyo Eugene aje pia, akae upande wa dirisha penye mwanga, nimwone mdomo akiongea, maana ana mengi ya kunieleza.

Baba yako,
Wanjala