Taa Ingali Inawaka

Ngoie, mujukuu wangu, jambo. Huku Kamina tuko wazima, na mutoto wa dada yako ameanza kutembea. Unaniuliza kwa nini nilikuambia utupe taa ya usiku ya watoto, na bado iko inawaka. Swali hilo limeninyima raha.

Baba yangu alisema vilevile juu ya taa yetu ya usiku, tulipokuwa watoto: "Si iko inawaka!" Asubuhi moja Mama alisikia harufu ya kuungua, akaigusa, ikamuunguza. Alipoichomoa, prizi ya ukutani ilikuwa nyeusi, na chandarua chetu kimeyeyuka pembeni. Baba akasogeza kitanda mbali na ukuta. Jioni, bila taa, tulilia kwa sababu ya giza. Mama akasema, "Mulie tu, bana bangu. Kilio kinapita."

Iguse leo. Kama iko na joto, ao imegeuka rangi, uitoe. Mimi sitatulia mpaka unijibu.

Nkambo wako