Pembetatu ya Malolo

Baba,

Leo nimerudi Malolo. Mwenye nyumba alinipigia: "Mwanangu, kile kipande alichoacha mzee kinanikodolea macho kila asubuhi. Njoo umalizie." Nimekuja na ngazi, futi na daftari langu, lile ulilokuwa ukilicheka.

Unakumbuka tulivyotoka Ruponda, ngazi tumeifunga ubavuni mwa baiskeli? Tulipofika hapa nilikwambia kila ukuta wa pembeni una maumbo mawili: mstatili, na juu yake pembetatu inayofika paani. Kitako mita nane kwa kimo mita mbili, gawa kwa mbili: nane. Kuta mbili, kumi na sita. Wewe ulikuwa na kanuni yako ya miaka yote, pima kuzunguka nyumba, zidisha kwa kimo, basi.

"Pembetatu zinamezwa na milango na madirisha," ukasema.

"Baba, mlango na madirisha yote ni mita sita za mraba. Zinabaki kumi. Tunapaka mikono miwili, ishirini, na lita moja inapaka kumi. Tuongeze lita mbili."

Ukamgeukia mwenye nyumba. "Huyu hata ugali anaupima kwa futi!" Mkacheka. Nikakoroga rangi, kazi uliyonitolea shule nije kuifanya.

Rangi ikaisha kwenye pembetatu ya mwisho. Ukanituma Nkowe kwa fundi mwenzio, bila kuniangalia. "Kaazime lita mbili. Zinatosha."

Mbili, baba. Ulikuwa umenisikia.

Kwa nini hukungoja? Waliokuwepo walisema ulimimina maji kwenye mabaki ya ndoo, rangi ikawa kama uji wa mgonjwa. Haikushika vizuri. Ukapanda tena, na tena, mpaka kikabaki kipande cha kileleni tu, na hapakuwa na mtu wa kushika ngazi. Nilishuka kwenye bodaboda kopo mkononi, nikakuta watu wamekuzunguka chini ya ngazi.

Msibani walisema siku yako ilifika. Sikubishana nao. Nilikuwa na hesabu nyingine, na hasira ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Leo nimepanda na kopo lile lile. Mwenye nyumba mwenyewe kashika ngazi, hacheki. Nimekipima kipande chako kileleni: kitako mita mbili, kimo nusu mita. Nusu mita ya mraba, baba. Kwa mikono yote miwili, rangi haikujaza hata kikombe cha chai.

Nimemaliza. Kopo bado zito.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Ni mimi,
binti yako wa daftari