Vidonge vya Birger na Bakuli la Maziwa

Mume wangu Birger,

Nimewahi feri ya saa tano, nakwenda mjini Mariehamn kwa daktari wako. Supu ya samaki ipo jikoni, ipashe moto tu. Mbwa mkague kupe masikioni kabla hajaingia ndani. Na wewe ukitoka sauna, jikague nyuma ya magoti, kupe mmoja ametutosha.

~~Maziwa mgando yapo kwenye friji.~~ Hayapo, nimeyamwaga. Usiyatafute.

Asubuhi uliponiona nimenuna ulidhani ni kwa ajili ya kikombe ulichovunja. Wala! Nilikuwa nimetoka kuongea na mfamasia kwenye simu. Nilimwambia leo ni siku ya kumi na mbili tangu uanze vidonge vya ugonjwa wa kupe, uso wako bado umelegea upande mmoja, na homa ya ule ugonjwa wa pili aliokuachia kupe huyohuyo haijakwisha. Akaniuliza, "Anameza dawa na nini?" Nikamjibu, "Na maziwa mgando, kama kila mtu hapa kisiwani." Akasema, "Mama, dawa hiyo haipatani na maziwa. Yanaipunguza nguvu."

Ndiyo maana nakwenda kumuuliza daktari kama tuanze dozi upya. Kidonge cha leo meza na maji, glasi nzima, na usijilaze papo hapo.

Wiki nzima nimekusema kwamba unatupa vidonge kisirisiri, hata mbele ya dada yako. Hukutupa hata kimoja. Na lile bakuli la maziwa, kila asubuhi, nilikuwa nakuwekea mimi.

Mkeo