Mkwe Wangu, Nilikusingizia Milano

Mpendwa mkwe wangu Pascal,

Kuna jambo la Milano nililolificha tangu siku ile, na Wakenya wote wa Brooklyn Park, hapa Minnesota, wameulamba uongo wake kama mchuzi wa arusi. Nitalisema. Lakini kwanza univumilie nikiwa na hasira, maana ndiyo nguvu pekee iliyobaki. Miguu imekataa, figo zimekataa, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali.

Nina hasira na ile hoteli. Unaukumbuka ukumbi wake? Bawabu amevaa suti inayoishinda ya bwana arusi, viti ambavyo mgongo wa mzee hauwezi kuvikubali, ua moja tu ndani ya chombo kikubwa kama pipa. Binti yangu Nekesa alipiga picha kila kitu, hata bomba la bafuni, akiwarushia rafiki zake wa Minneapolis. Tulikuwa njiani kwenda Bungoma kujengea kaburi la mama yake, nawe ukasema mzee hawezi kukaa angani safari nzima bila kupumzika. "Papa, tulale Milano kidogo. Na wewe uonje maisha."

Nina hasira na wewe pia. Ulichukua vyumba viwili vyenye sebule moja na bafu moja, ukijua kabisa... hapana, hukujua. Kwetu baba halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Ndiyo maana miaka yote nilikaa kwa mwanangu wa kiume, mjini Champlin. Kwenu, mjini Blaine, nilikula, nikasali, kisha ukanirudisha kwa gari jioni ileile, hata theluji ikiwa magotini. Wewe, mtu wa Bukavu, ulidhani hotelini mambo ni mengine. Ulitaka uwe karibu nikianguka. Uuguzi wako hukuuacha Minnesota.

Alasiri ile niliamka, nikatoka, nikafunga mlango wa chumba changu nyuma yangu, nikaanza kupiga kelele hadi mchukuzi wa mizigo akasimama kule nje akisikiliza.

"Nioge alipooga mkwe wangu? Umeniona mbuzi?"

"Papa, pardon. Minafikiri hoteli haiko nyumba ya mutu."

"Mimi je, si mtu? Nilipolala mimi ni nyumba ya mtu!"

Nekesa akaanza kulia. Nawe, mwanamume mzima, ukapiga magoti kwenye zulia. Hoteli ilikuwa imejaa watu wa maonyesho ya mavazi, basi ukabeba begi lako ukaenda kulala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni.

Kwa nini ulipiga magoti? Hilo linaniunguza hadi leo. Ungenijibu! Ungesema, "Mzee, unanionea." Adabu yako ndiyo iliyonipa nafasi ya kuendelea. Tuliporudi Minnesota, wazee wetu walikuita wakakutoza kondoo na blanketi. Kondoo ulimfuata mashambani kwa Mzungu mmoja, ukamleta nyuma ya gari analia, watoto wa ghorofani wakishangilia. Nilipewa mimi kwanza kipande kilichonona, nikakitafuna huku nikikutazama. Na Nekesa akapata fimbo ya kukuchapia. Chumvi ikizidi, Milano. Ukichelewa kutoka kazini, Milano. Mpaka ukahamia jimbo jingine.

Jumapili iliyopita binti yenu Neema alikaa kando yangu. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kama ni kweli baba yake alinidharau, ndiyo maana hakai nao. Nilifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Mtoto akanipangusa midomo, akasema basi, babu, usijichoshe. Nilijichukia, Pascal. Nikaitisha kalamu.

Nimeagiza barua hii isomwe mbele ya wazee walewale, Nekesa na Neema wakiwepo, kabla haijatumwa kwako. Wasinipunguzie neno. Sikuombi urudi kwa Nekesa; hayo ni yenu wawili. Ninachotaka ni mtoto yule aache kukuonea haya.

Na wasinitetee kwa mila. Mila naijua. Nilipoviona vyumba vile niliguna, kisha nikakubali. Nilijiambia kwamba wahenga wa Bungoma hawana viza ya Italia. Nilivua viatu nikalala vizuri kabisa.

Kwaheri, mwanangu. Nikifa, usije kunizika kwa ajili ya adabu. Ukija, njoo umekasirika, unipigie kelele nikiwa sandukuni, na mtu asikunyamazishe.

Nilipoamka alasiri ile, nilikuwa nimekojoa kitandani. Shuka zote zililowa, nami, mwalimu mkuu mzima, nikazimwagia jagi la maji ili ionekane ni ajali, nikabadili suruali, kisha nikatoka kukutafutia kosa.

Mimi,
baba mkwe wako