Mikono Mitatu Bustanini

Jumanne, 2 Septemba

Nimemwagilia kabla jua halijapanda. Ndoo sita. Maji ya bomba yalitoka alfajiri, nikajaza pipa lote. Nyanya zinavimba. Mashina ishirini na mawili, kila moja nimelifunga kwenye kijiti chake kwa vipande vya kitambaa vinavyobaki kwenye cherehani. Karoti bado ni nywele tupu. Hoho mbili zina maua. Nimekaa juu ya jiwe kama dakika kumi, naangalia tu. Ziwa lilikuwa jeupe. Hii ndiyo saa yangu. Hakuna anayeniita.

Jana mume wangu alipiga simu kutoka Geita, kazini. Mama yake ameanguka shambani huko kisiwani Nansio, amevunjika mkono. Atakuja kukaa nami hapa Buzuruga mpaka apone. Wiki tano, labda sita. Nikasema sawa. Ningesema nini kingine.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempokea mama mkwe bandarini. Mkono wa kulia uko ndani ya hogo, plasta ngumu ya hospitali, kuanzia vidole hadi kiwiko. Wa kushoto umebeba mfuko wa machungwa, hakutaka nimsaidie. Nimemwamkia, ameitika marahaba, kisha ameniuliza mbona nimekonda.

Miaka kumi na mitano ya ndoa na hatujawahi kulala nyumba moja zaidi ya siku tatu. Alitaka mwanawe aoe Mkerewe. Mimi ni Mhaya. Hajawahi kulisema. Hana haja ya kulisema.

Jioni ameikagua bustani. Ametembea taratibu kati ya matuta, akainama, akachuma jani la karoti, akalinusa.

"Haya maua ni ya nini?"

Nikamwambia ni karoti. Akalitupa jani chini. Nimeumia kuliko nilivyotegemea. Udongo wa bustani hii niliupandisha mwenyewe kwenye viroba, mwaka mzima, kwa sababu hapa mlimani ni mawe matupu. Samadi niliibeba kichwani. Lakini nitamwelezaje mtu anayelima ekari tatu?

Jumapili, 7 Septemba

Anaamka kabla yangu. Leo nimetoka na ndoo nimemkuta ameshakaa juu ya jiwe langu. Anaongea. Anaongea tangu nachota mpaka namaliza. Eti namwagilia mno. Nyanya nimezipanda karibu karibu. Hoho hazina ladha, ni pilipili iliyokosa adabu. Hilo la mwisho lilinichekesha, nikageuka asinione.

Binti yangu Neema kapiga simu kutoka shule ya bweni. Ameongea na bibi yake nusu saa. Mimi dakika mbili.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikwenda Nyamagana kununua uzi na vifungo vya sare za shule. Nimerudi saa nane. Nusu ya tuta la karoti haipo. Imeng'olewa. Udongo umechimbuliwa, umesawazishwa, umefunikwa majani makavu. Mama yuko kivulini anachambua dagaa kwa mkono mmoja.

"Nimekupandia mgagani," akasema. "Nilikuja na mbegu zangu. Mboga ya kuliwa na watu."

Sikupiga kelele. Niliingia ndani nikashona kola saba, zote nikazifumua. Leo simpendi. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halina msomaji.

Jumatatu, 15 Septemba

Niliapa sitaumwagilia mgagani wake. Siku tano nimemwagilia pembeni yake tu, kwa makini, kama mtu anayefagia uwanja wake akaishia mpakani kwa jirani. Jioni namwona anapita na kopo mkono wa kushoto. Nusu ya maji inaishia njiani. Anarudi tena. Safari tisa, nilihesabu nikiwa kwenye cherehani.

Leo umechipua. Nilisubiri aende kulala mchana ndipo nikapiga magoti kuangalia. Vijani vidogo, vimejipanga vizuri mno kwa mtu aliyepanda kwa mkono usio wake. Nilifurahi. Nikakasirika kwamba nimefurahi. Kisha nikamwagilia.

Ijumaa, 19 Septemba

Nyanya tatu zimelegea. Majani bado ya kijani, lakini yamelala kama nguo iliyolowa. Nimeongeza maji. Mama kasema ng'oa. Nikamjibu, kwa heshima, kwamba nitauliza kwanza. Muuzaji wa duka la pembejeo kanipa dawa, nimepuliza jioni. Mama alikaa akitazama, hakusema neno. Ningependa angesema.

Jumatatu, 22 Septemba

Nane zimeanguka. Dawa haijafanya kitu.

Mama aliomba kisu na glasi ya maji. Tulikata shina moja. Mimi nilishika, yeye akakata. Mikono mitatu kwa kazi moja. Akatumbukiza kipande cha shina kwenye maji, akaniambia nitulie nitazame. Baada ya muda uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, kama maziwa.

"Umeona? Ugonjwa uko ndani. Umetoka kwenye udongo. Dawa ya kupuliza haiufikii."

Nikamuuliza kajulia wapi. Akanieleza huku ameinama. Mwaka aliokufa baba mkwe alikuwa na nyanya shamba zima, na zote zilianguka hivi hivi. Bwana shamba alikuja akamwonyesha glasi, akamwambia ang'oe. Hakung'oa. Aliendelea kuzimwagilia mwezi mzima, zimeshakufa. Kila asubuhi na ndoo zake. "Sikuweza kuondoa kitu kingine," akasema.

Miaka yote hii sijawahi kusikia habari hiyo. Sidhani mume wangu anaijua.

Tumeng'oa kumi na tano. Saba za upande wa jiwe bado ni nzima, tumeziacha, hazigusani na zile. Kwenye ya tano nikaanza kulia. Nyanya tu, mwanamke wa miaka arobaini na moja. Mama hakunibembeleza.

"Lia," akasema, "lakini endelea kung'oa."

Tumezichoma nyuma ya nyumba. Kisu tumekiosha kwa maji ya moto.

Jumamosi, 27 Septemba

Siku nzuri. Sina la maana la kuandika na bado nataka kuandika. Tumepunguza mgagani uliobanana. Mama ananionyesha wa kuacha na wa kutoa, namtolea, anautupia kuku wa jirani. Ameanza kuniita mwanangu, sijui tangu lini. Nimemwonyesha karoti moja changa, ukubwa wa kidole. Ameila na udongo wake. Akasema tamu. Kisha akasema lakini haishibishi.

Hoho nane. Nimepika na sato. Amekula zote mbili nilizomwekea, hakutaja adabu.

Jumapili, 28 Septemba

Baba Neema amekuja kutoka Geita. Ameleta sukari na dawa za mama za presha. Baada ya chakula kaniita nje. Anasema mama harudi tena Nansio. Ameshapata mtu wa kulikodi shamba, wameelewana. Mama atakaa hapa moja kwa moja. Mama mwenyewe hajui. Atamwambia hogo likitolewa.

Mwezi uliopita ningekosa pumzi. Leo nimegundua ninaweza kuishi naye. Naweza hata kufurahi. Ndiyo maana nilinyamaza. Nimejiambia ni kwa ajili yake. Si kweli. Ni kwa ajili yangu.

Jumatano, 1 Oktoba

Mama anapanga. Akirudi ataanza na muhogo upande wa chini kabla mvua haijakolea. Michungwa miwili inahitaji kupunguzwa matawi. Anayasema haya akiwa juu ya jiwe, na mimi nina ndoo mkononi, naitikia, "Ndiyo mama." Kila ndiyo inanichoma.

Nimempigia mume wangu, nikamwambia amwambie sasa. Kasema nimwachie mama yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hogo limetolewa leo hospitali. Mkono umesinyaa, ngozi imepauka kama ya mtu mwingine. Daktari kasema mfupa umeunga vizuri, aanze kazi ndogo ndogo. Kufika nyumbani amechukua kijembe cha palizi. Vidole havifungi sawasawa. Kakishika hivyo hivyo.

Jioni tumechuma mgagani. Umekua mpaka magotini. Nimeuchemsha, nikamwaga maji ya uchungu, nikaumalizia kwa maziwa kama alivyoelekeza. Na ugali wa muhogo. Sijui niliishije miaka yote bila mboga hii.

Jumamosi, 11 Oktoba

Baba Neema amekuja tena, na amemwambia. Mezani, katikati ya chakula, kama mtu anayesoma tangazo. Mama ameacha kutafuna. Baba Neema akaongeza haraka, "Hata mama Neema amekubali."

Nikasema, "Sijakubali. Sikuulizwa. Na mama hajaulizwa."

Miaka kumi na mitano, na sijawahi kumpinga mbele ya mama yake. Mama aliomba maji ya kunawa. Nikammiminia. Akanawa polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akazungumza kwa Kiswahili, si kwa Kikerewe, nadhani ili nami nisikie.

"Mwanangu, hapa nimekaa vizuri. Mkeo amenitunza. Naenda nyumbani."

Basi. Akainuka akaenda kulala.

Nimemkuta mume wangu nje, amejiegemeza ukutani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Siku ile mama alipoanguka alilala shambani tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyejua. Alipatikana na mtu aliyepita akitafuta ng'ombe. "Mimi nilikuwa kazini nakula," akasema.

Nimemshika mkono. Tumezungumza sana. Shamba halikodishwi. Kuna binti wa shangazi yake, ameachika, atahamia kwa mama, na mama anamtaka, tumempigia binti tukahakikisha. Na kila asubuhi simu. Mimi ndiye nitakayepokea, kwa kuwa mwenzangu anakuwa chini mgodini saa hizo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumemsindikiza melini. Baba Neema kabeba mizigo yote, hakubishiwa. Mama alinishika kwa mkono uliopona. Bado hauna nguvu. Aliubana hata hivyo, kwa muda, mpaka watu wa nyuma wakaanza kulalamika. Kisha akapanda bila kugeuka.

Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Nyumba imekuwa kubwa. Nimeshona mpaka jioni, na nimemwagilia kimya kimya.

Jumanne, 21 Oktoba

Nyanya ya kwanza imeiva, kati ya zile saba. Nimeila palepale, ikiwa bado na baridi ya alfajiri. Karoti zimenenepa. Mgagani unatoa mbegu, nitaziacha zikauke kwenye shina.

Simu ililia saa kumi na mbili na nusu, nikiwa bustanini. Mama kaniambia muhogo umeingia ardhini wote, wamepanda na yule binti siku tatu. Mkono unauma kidogo jioni. Nyanya je? Nikamwambia. Akafurahi, nilimsikia. Akasema huko wingu limejaa tangu alfajiri na sasa inanyesha. Nikamwambia hapa pia imeanza, matone makubwa, naingia barazani.

Hatukukata. Tulikaa hivyo, kila mmoja na mvua yake, mpaka salio lake lilipokwisha.